Bustani ya Mzee Futi

Mama Miche alikuwa na sheria moja tu ya kazi, na hiyo moja aliivunja kwa sababu ya viatu.

Sheria yenyewe ni hii: kabla hajachomeka sepeto kwenye uwanja wa mtu, huvua viatu akautembea uwanja wote, pembe hadi pembe, miguu mitupu. Wateja walimcheka. Mmoja aliwahi kumuuliza kama anatafuta pete iliyopotea. Lakini miguu ile ilikuwa na miaka ishirini na sita kwenye udongo, na ilimwambia mambo: hapa maji yanatuama, hapa kuna bomba limepita chini, hapa fundi fulani asiye na haya alizika kifusi akapandia nyasi juu. Macho yanatazama tu, alipenda kusema. Miguu ndiyo inayouliza.

Sasa Jumatatu hiyo binti yake alikuwa amemletea gambuti mpya, za kijani, zenye mstari wa njano juu. Mama wa watu akaona akizivua kabla hata hazijaonja tope itakuwa ni kuzitukana. Usimcheke. Mtu aliyeshinda kwenye kandambili maisha yake yote, akipata kitu kizuri miguuni, kukivua ni kazi. Hata wewe ungelala nacho.

Nyumba ilikuwa ya fundi cherehani mstaafu ambaye mtaa mzima ulimwita Mzee Futi, kwa kuwa futikamba haikushuka shingoni mwake tangu ujanani, hata harusini alikwenda nayo. Mkewe alifariki miaka minane nyuma, naye akabaki peke yake na cherehani yake na uwanja wake wa nyasi. Siku hizo hakuwapo. Aliyemwita Mama Miche ni mwanawe, Injinia, mtu wa kuongea huku anachezesha funguo za gari, kama anayeogopa gari litaondoka bila yeye.

"Baba yuko kwangu tangu afanyiwe upasuaji wa ngiri," Injinia alisema. "Jumamosi namrudisha. Nataka akute uwanja mpya. Hizi nyasi ng'oa zote, zimejaa mabonde na vilima. Weka zile nzuri, za zulia. Huo mchaichai pembeni ya jikoni umeshakuwa kichaka, toa. Ukutani panda maua ya maana, waridi."

"Mwenyewe anajua?"

"Ndiyo raha yenyewe, hajui. Nataka nimshtue."

"Mzee wa miaka sabini na nane anashtuliwa, baba? Wengine ukiwashtua unawazika."

Injinia alicheka, kisha kicheko kikamfia mdomoni. Akaacha kuchezesha funguo.

"Nikwambie ukweli, Mama Miche, naogopa. Wiki mbili hizi kwangu amejigonga kwenye meza mara nne. Ati kizunguzungu cha dawa. Jana kamimina chai nje ya kikombe. Na hapa anaishi peke yake! Jumamosi nitamtazama anavyotembea humu. Nikiona anayumba, basi. Tunafunga nyumba hii, anahamia kwangu moja kwa moja."

"Kwako ni wapi?"

"Ghorofa ya nne."

"Kuna udongo huko?"

"Kuna roshani," alisema Injinia, na hata yeye mwenyewe alisikia jibu lile lilivyo dogo. Akamwachia ufunguo wa jikoni, kwa ajili ya maji ya kunywa, akaondoka.

Basi Mama Miche akaanza kung'oa, gambuti zikimng'aa miguuni. Alianza upande wa kulia, kutoka mlango wa jikoni kwenda bombani, na kutoka bombani kwenda kwenye kamba ya nguo. Sepeto haikukata hata mara tano kabla haijalia *kwa!* Tofali. Limezikwa sawasawa na udongo, nyasi zimelizunguka, halionekani mpaka uligonge. Akaling'oa. Mbele kidogo, jingine. Akaling'oa.

"Hivi ni mpuuzi gani huyu aliyepanda matofali?" alinung'unika. "Alitegemea yaote?"

Hadi Jumatano jioni alikuwa ametoa matofali ishirini na matatu, akayarundika nyuma ya nyumba. Mchaichai nao akaung'oa na shina lake zima, na mrehani uliokuwa bombani, vyote akavitupa juu ya lundo la nyasi za zamani. Udongo wa upande ule akaulainisha kwa reki mpaka ukawa kama unga uliochekechwa. Akajishika kiuno, akajisifu.

Alhamisi asubuhi gambuti zilimlipa. Vidole viwili vilikuwa na lengelenge na kisigino kinawaka moto. Alivumilia hadi saa nne, akajikaza kisabuni, mwisho akasema potelea mbali, akazivua akazitia kwenye toroli. Na kwa kuwa alishakuwa miguu mitupu, na upande wa kushoto ulikuwa bado haujaguswa, akaona autembee, walau nusu ya sheria iheshimiwe.

Hatua ya kwanza kutoka mlangoni, unyayo ukakuta tofali. Hatua ya pili, tofali. Ya tatu, tofali. Mama Miche akasimama. Akajaribu kunyoosha hatua kidogo, akakosa. Akarudi kwenye hatua fupi, za mtu mzima asiye na haraka, na tofali likaja lenyewe chini ya mguu, kila hatua, kama limeitwa. Baada ya saba, akakuta moja limekaa mshazari, pembe yake imeelekea kushoto. Akageuka kushoto. Matano zaidi, na goti lake likagusa benchi la ukutani.

Akakaa kwenye lile benchi. Upepo ukamletea harufu ya mchaichai unaonyaukia kwenye lundo, na ya mrehani. Mchaichai ulikuwa pembeni ya jikoni. Mrehani ulikuwa bombani. Mtu angeweza kujua amefika wapi kwa pua tu.

"Eh!" alisema Mama Miche, peke yake.

Akaingia jikoni kunywa maji, na safari hii aliangalia vizuri. Kopo la chumvi limefungwa uzi mmoja shingoni, la sukari nyuzi mbili, la majani ya chai tatu. Shati lililotundikwa nyuma ya mlango lilikuwa na kifungo kimoja kidogo kimeshonewa ndani ya ukosi, mahali ambapo hakuna cha kufunga. La pili lilikuwa na viwili. La tatu, vitatu. Saa ya ukutani ilikuwa imeshushwa mezani, kioo kimetolewa, mishale iko wazi, na pale katikati palikuwa peusi kwa kushikwashikwa na vidole.

Hakuna kizunguzungu chochote. Mzee Futi haoni. Na hakuwa ameanza jana, kwa sababu uwanja ule haukutengenezwa kwa siku moja: aliushona tofali kwa tofali, jinsi fundi anavyoshona nguo ya kumkaa mtu mmoja tu. Kwenye ghorofa ya nne alijigonga kwa kuwa ile haikuwa nguo yake. Na Jumamosi atashuka kwenye gari, mwanawe akimtazama kila hatua, atoke mlango wa jikoni kwenda bombani akiyategemea matofali yake, asiyakute. Kwa sababu Mama Miche, na gambuti zake za kijani, alikuwa ameyang'oa.

Alilia, sitaki kukuficha. Alilia kwa hasira zaidi kuliko huruma, na hasira yote ilikuwa juu yake mwenyewe. Miaka ishirini na sita ya sheria, na siku moja aliyoikiuka ndiyo hiyo!

Kumpigia Injinia? Siri haikuwa yake kuitoa. Kuyarudisha? Wapi? Udongo alishausawazisha mwenyewe, kwa mbwembwe zote, na alama haikubaki hata moja. Mtu mmoja tu ndiye aliyejua mahali pa kila tofali.

Saa sita mchana, baada ya kuelekezwa na jirani, alikuwa anapanda ngazi za ghorofa ya Injinia, akisimama kila baada ya ngazi kumi kupumua. Zilikuwa sitini na nne. Injinia na mkewe walikuwa kazini. Mlango ukafunguliwa na mzee mwembamba, futikamba shingoni, uso umegeukia kidogo pembeni ya mahali Mama Miche aliposimama.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Karibu. Naona umekuja."

"Asante. Mimi ni Mama Miche, yule wa kitalu cha barabarani. Mwanao amenipa kazi ya uwanja wako."

"Uwanja wangu?" Mkono wa mzee ulikamata fremu ya mlango. "Kazi gani?"

Angeweza kuzunguka mbuyu kutwa nzima, lakini hakuwa na kutwa nzima. "Baba, nisamehe. Nimeyang'oa matofali yako."

Chini mtaani mtu alikuwa anapiga honi, anapiga tena. Mzee Futi akauliza, kwa sauti ya fundi aliyeletewa nguo iliyochanika:

"Mangapi?"

"Ishirini na matatu."

"Upande wa bomba." Akashusha pumzi. "Benchi je?"

"Benchi lipo. Sijaligusa, nakuapia."

"Nani amekwambia?"

"Miguu, baba."

Hapo mzee alitabasamu kidogo, akarudi ndani akipapasa ukuta waziwazi, bila kuficha tena, akakaa kwenye kiti chake. "Naona mwanga, na kivuli. Sura za watu ziliondoka mwaka juzi," alisema. "Zilikuwa zikififia polepole kabla ya hapo, nami nikawa natia tofali moja hapa, moja pale, nikimwambia mwanangu kwamba napalilia."

"Mficha maradhi kifo humuumbua, baba. Kwa nini hukumwambia?"

"Mwanangu, mimi siogopi kifo, naogopa roshani. Yule nilimshonea sare zake zote za shule. Ananipenda kupita kiasi. Akijua, atanibeba kama yai, na yai huwekwa mahali pamoja likakaa hapohapo. Tena kila nikitaka kumwambia, nasikia funguo zinalia mkononi mwake. Nasema basi, siku nyingine."

"Na mbele kule, hadi getini, udongo ni mtupu; mbona hakuna tofali hata moja?"

"Getini watu wangeniona nachimba." Akakohoa. "Sijatoka getini peke yangu tangu mwaka juzi."

Mzee alikuwa ameshatoa donge la uzi mnene mfukoni na kushusha futikamba shingoni. Kila penye futi moja alikuwa ameitia kifundo cha uzi, akawa anaisoma kwa ncha za vidole, haraka kuliko wengi wetu tunavyosoma kwa macho. Akaanza kufunga mafundo. Fundo moja, tofali. Mafundo mawili pamoja, kata kona. Tisa kutoka jikoni hadi bombani, kumi na manne kutoka bombani hadi kwenye kamba ya nguo. Ishirini na matatu! Mama Miche alihesabu mara mbili.

"Kutoka fundo hadi fundo ni hatua yangu halisi," mzee alisema. "Ulaze uzi chini, usiuvute. Ukiuvuta umenipa miguu ya mtu mwingine."

"Na mwanao ametaka waridi ukutani. Nimepata nyeupe tu."

"Nyeupe," mzee akarudia. "Sawa. Nitakumbuka."

Kazi iliyofuata ilikuwa ya kufa na kupona. Mama Miche aliulaza uzi Alhamisi ile ile alasiri, akatambaa nao kwa magoti, akashindilia kila tofali kwa mpini wa sepeto mpaka likae lisitikisike. Ijumaa akazitandaza nyasi za zulia, akakata kwa kisu tundu la kila tofali, akiacha majani yakilalia kingo zake. Upande wa kushoto nao akautandaza nyasi mpya bila kugusa tofali hata moja. Mchaichai akauokota kwenye lundo, akaupunguza majani, akaurudisha pembeni ya jikoni. Mrehani ulikuwa umeshakufa, akaleta mwingine kutoka kitaluni kwake. Waridi akazipanda ukutani, mbali na njia, zisije zikamchoma mtu. Na kila alipomaliza kipande alisimama mlangoni, akafumba macho, akakitembea. Mara ya tatu Ijumaa jioni hakukosa hata hatua moja, akakaa chini akacheka kama mwendawazimu.

Jumamosi gari likaingia. Injinia akamshika baba yake mkono hadi mlango wa mbele, wakapita ndani ya nyumba, wakatokea jikoni. Mama Miche alikuwa amesimama kando ya toroli.

"Haya, baba! Tazama!" alisema Injinia, kisha akanong'ona pembeni, "Mbona huu mchaichai umerudi?"

"Umekataa kuhama," alijibu Mama Miche.

Mzee Futi alivua ndala zake, akaziweka sawia ukutani. "Nyasi mpya hazikanyagwi na ndala," alisema, akaweka mguu wa kulia mbele.

Moja. Mbili. Tatu. Mama Miche alikuwa anahesabu kwa midomo. Mzee hakupapasa, hakuyumba, mgongo umenyooka kama wa mtu anayekwenda kupima koti. Nane. Tisa. Akainama, akalifungua bomba, akanawa uso, akachuma jani la mrehani akalinusa. Akageuka. Moja, mbili, hadi kumi na nne, akanyoosha mkono na kamba ya nguo ikaingia kiganjani mwake. Injinia alikuwa na uso wa mtu aliyetua mzigo. "Mungu mkubwa," alisema. "Kumbe ni dawa tu zilikuwa zinamsumbua."

Mama Miche akashusha pumzi. Wamevuka!

Hapo mzee akageukia ukutani, akasema kwa sauti ya kusikika hadi kwa jirani: "Na hizi waridi, mashallah. Nyekundu kama damu."

Amesahau! Mzee wa watu amesahau, na yote yamekwenda na maji.

Injinia alizitazama waridi, nyeupe zote. Akamtazama baba yake. Halafu akaitazama miguu ya baba yake, na kidole gumba kilichokuwa kinapapasa polepole ukingo wa tofali ndani ya nyasi. Funguo zikanyamaza mkononi mwake. Mama Miche aliona jinsi mambo yalivyokuwa yanamwingia kichwani moja baada ya jingine, meza, chai, kikombe.

"Ndiyo, baba," alisema. "Nyekundu kabisa."

Mzee Futi akacheka, kicheko chembamba chenye machozi ndani yake.

"Mwongo wewe. Ni nyeupe. Mama Miche aliniambia tangu juzi."

"Baba..."

"Sioni, mwanangu. Mwaka wa tatu huu. Nimechoka kukuficha, ila sikujua nianzie wapi. Nikasema moyoni, nimjaribu. Akisema 'baba huoni, twende nyumbani', nimekwisha. Akinistahi, nitamwambia yote."

Injinia akakaa chini, palepale kwenye nyasi, na suruali yake iliyopigwa pasi. Alilia kama mtoto, bila kujificha, na mzee akahesabu hatua zake hadi alipo, akapapasa mpaka akakipata kichwa chake.

"Ungeniambia, baba. Miaka mitatu!"

"Ulikuwa na haraka, mwanangu," mzee alisema, wala hakusema kwa kulaumu. "Mambo ya ghorofa ya nne je?"

"Nani amezungumza habari za ghorofa?" Injinia alijifuta uso kwa mkono wa shati. "Huku ndiko kwako. Mimi ndiye nitakayekuwa nakuja."

Akavua viatu, akavua na soksi. Akaenda kusimama mlangoni, akafumba macho, akaanza kutembea. Tofali la kwanza alilipata. La pili akalipita, la tatu akalikosa kabisa, akajigonga bombani akapiga yowe, na Mzee Futi akacheka mpaka akajishika kidonda cha ngiri.

"Miguu yako mirefu! Nilipima kwa yangu."

Injinia akasimama pale bombani, anachechemea, macho mekundu. Akatazama mbele ya nyumba, ule udongo mtupu kutoka mlangoni hadi getini, na watu wanaopita barabarani.

"Mama Miche."

"Naam, baba."

"Kutoka mlango wa mbele hadi getini, yataingia matofali mangapi?"

"Inategemea," Mama Miche alijibu. "Kwa hatua za nani?"

"Za baba," alisema Injinia. "Lete sepeto, nichimbe mwenyewe. Na watu waone."